Ng'ombe Hawa Wamekwisha Kunywa

Watu ni wazima. Mvua ilichelewa lakini imekuja, mahindi yangu ya nyuma ya nyumba yamefika magotini, na ng'ombe wangu wawili wanakula vizuri kuliko mimi. Neno zito lipo moja, nitalifikia. Mkinivumilia mtajua kwa nini nimeanza hivi, na kama kuna mwalimu kati yenu anayetaka kuruka moja kwa moja mpaka ukurasa wa mwisho, basi huyo ndiye hasa ninayemwandikia.

Nimestaafu juzijuzi tu. Mkuu wa shule alinipa kitenge, keki na hotuba, kisha akaniomba niwaandikie ninyi walimu vijana machache kuhusu kazi. "Madam, andika tu uzoefu wako," alisema, kana kwamba uzoefu umekaa kabatini unangoja kufutwa vumbi. Nimekubali. Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilikuwa na kimoja tu na hakikunizuia kufagia ofisi. Mshahara mnaujua. Nitaeleza kazi moja ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza naifanyaje, nayo ni kumrudishia mwanafunzi kazi yake.

Mimi ni mzaliwa wa pande za Mbulu, kwa hiyo nilipopangiwa Karatu sikuwa mgeni wa udongo wake mwekundu. Ningepaswa kujua. Lakini nilitaka kuonekana mwalimu wa kweli, nikaingia shuleni siku ya kwanza na viatu vyeupe, wiki ya mvua kubwa. Kidato cha pili walisimama kunisalimia huku macho yao yote yako miguuni kwangu. Nilifundisha kipindi kizima nikiwa nyuma ya meza, nikaandika ubaoni sehemu tu niliyoweza kuifikia bila kutoka. Viatu vile havikuwahi kuwa vyeupe tena, na mpaka leo wako watu wazima mjini hapa wanaoniita Madam Viatu wakidhani sisikii.

Ofisini niliwekwa meza moja na Mwalimu Bura, mzee mrefu, mkavu, aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Alifundisha Kiswahili na alikuwa hapendi kelele. Jioni ya wiki ile ya kwanza nilikaa na rundo la insha, kalamu nyekundu mkononi, nikaanza kukata. Nilikata kwa bidii. Mzee akauliza, "Binti, unasoma au unapalilia?"

Nikamwambia nasahihisha.

"Hujafika mwisho wa shamba. Umejuaje lipi ni gugu?"

Akavuta insha moja kutoka kwenye rundo langu, akaiweka mbele yake, kisha akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja na kuikalia. Mtu mzima, mwenye tai. Akasoma hivyo. Akifika mwisho wa ukurasa anachomoa mkono mmoja, anapindua, anaurudisha chini. Alipomaliza ndipo akachukua penseli, si kalamu, akaandika chini kabisa kwa herufi ndogo: Nimefika mwisho. Ndipo akarudi juu kuanza kutoa maoni.

"Mtoto ajue kwanza kwamba yupo mtu aliyefika," akasema. "Mengine yote atakusikia baada ya hapo."

"Na penseli ni ya nini?"

"Penseli inafutika. Na wewe pia utakosea, usijali."

Nilicheka, lakini nikaiga. Kwa miaka mingi nilikalia mikono yangu. Wanafunzi waliochungulia dirishani walidhani nasikia baridi, na kwa baridi yetu ya Julai hawakuwa mbali sana na ukweli. Mzee Bura alistaafu, akarudi kwake, akafariki, Mungu amrehemu. Madarasa yakajaa. Mikondo ikaongezeka, madaftari yakawa hayaingii kabatini, na taratibu bila kujitangazia nikairudia kalamu nyekundu. Inakwenda haraka. Nilijiambia ni ya muda tu.

Klabu ya filamu ilianza kwa bahati. Mwenye kambi moja ya watalii, njia ya kwenda lango la hifadhi, alinunua projekta mpya akatupa sisi ile kuukuu. Wakati huo vijana wangu walikuwa wamechoka na uhakiki wa vitabu, wanakariri majibu kutoka kwa kaka zao waliotangulia. Nikasema basi, tutahakiki filamu, ambazo kaka zao hawakuziona. Kila Jumamosi mchana tuligeuza bwalo kuwa ukumbi. Matroni alitoa shuka nyeupe, wavulana wakatundika mablanketi madirishani, na filamu zote za ulimwengu zikanukia maharage. Projekta ile ilikuwa na ugonjwa wa kuzimika kila wapenzi walipokaribiana. Wanafunzi walishikilia kwamba ni mimi niliyezima. Mara mbili walisema kweli.

Mwanzoni uhakiki wao ulikuwa mstari mmoja: filamu ni nzuri, inafundisha, tunaomba nyingine. Nikawapa maelekezo na kuyabandika ukutani. Toa hoja yako katika aya ya kwanza. Leta ushahidi. Sema umeona nini, umesikia nini. Baada ya mwaka walikuwa wanabishana kuhusu mwanga wakati wa kula, na mpishi akaniuliza nimewafanya nini watoto hawa. Yale maelekezo nilijivunia sana. Ninawaambia ili mjue nilianguka kutoka wapi.

Naserian alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa Olbalbal, kule bondeni nyuma ya nyanda za juu ambako watu hutembea na ng'ombe kutwa nzima kuyafuata maji. Alikaa karibu na dirisha. Kwa miaka miwili aliniandikia nusu ukurasa, haongezi, hapunguzi. Alijibu swali kama alivyoulizwa, akaweka nukta, akafunga daftari. Katika klabu hakukosa hata Jumamosi moja, ila hakufungua mdomo.

Kisha akaja mtengeneza filamu mmoja kutoka Arusha, kijana anaitwa Eliya, na filamu yake fupi. Ilikuwa inahusu familia moja ya wafugaji inayopeleka ng'ombe majini wakati wa kiangazi. Ilikuwa na muziki wa huzuni na sauti nzito ya msimulizi. Eliya akasema angerudi baada ya wiki tatu, Jumamosi, kusikiliza uhakiki mmoja tu, ulio bora. Vijana wakachachamaa. Naserian, yule wa nusu ukurasa, aliandika kurasa nne.

Wiki ile nilikuwa na matokeo ya mikondo mitatu ya kukabidhi, na mafua. Nikafungua daftari lake. Liliandikwa hivi: "Katika filamu hii watu ni wazima. Mama ni mzima na watoto wake ni wazima, ila mmoja ana kikohozi. Baba yupo. Mbuzi wapo. Nyumba imekandikwa upya upande wa mlango. Nyasi ni chache lakini zimesimama." Ikaendelea hivyo ukurasa mzima, na mwingine ukaanza hivyohivyo. Nilitafuta hoja kwenye aya ya kwanza kama maelekezo yangu yanavyosema, sikuiona. Ukurasa wa pili katikati nikachoka. Nikapiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, nikaandika: "Maneno mengi, hoja haionekani. Huu si uhakiki. Soma maelekezo, rudia." Nikavuta daftari lingine. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilifurahia jinsi nilivyokwenda kasi siku ile.

Naserian alilipokea daftari, akasoma, akalifunga. Hakulia, hakununa. Kazi iliyofuata alileta kichwa cha habari na tarehe, basi. Na nyingine vilevile. Nikamwita ofisini.

"Naserian, una tatizo gani?"

"Sina, Madam."

"Mbona huandiki?"

"Nimeandika kichwa, Madam."

Nikasema moyoni, ni kiburi cha umri, kitapita. Hayo ndiyo yalikuwa maarifa yangu baada ya miaka yote ile darasani.

Siku ya wazazi ikafika. Wazazi wa hapa Karatu hufika asubuhi, huuliza mtoto amekuwa wa ngapi, hulalamikia maharage, huondoka. Mama yake Naserian alifika mchana, kwa kuwa alitoka Olbalbal alfajiri, akapanda mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, akashuka hadi langoni, akabadilisha gari. Alivaa shuka la bluu na shanga zake zote, na mkononi alikuwa na begi kubwa jeusi la safari. Lilikuwa tupu. Nililiona kwamba ni tupu, na sikuuliza.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo Naserian alisimama kati yetu akitafsiri. Nyuma yao kulikuwa na foleni ya wazazi. "Karibu mama, habari za huko?" nikasema, kama tunavyosema sote, bila kutaka kuzijua.

Mama akazitoa. Watu ni wazima, Naserian akatafsiri. Baba yupo, mguu wake unaendelea vizuri. Bibi yupo. Kisha mama akanyamaza, akanitazama.

"Sema ee, Madam," Naserian akaninong'oneza. "Anangoja."

"Ee," nikasema.

Ng'ombe wapo, wamehamishwa kidogo. "Ee." Mbuzi wamezaa. "Ee." Nyasi ni za kutafuta, na bwawa limebaki tope. "Ee." Nilitazama saa yangu mara mbili, na mara ya pili mama aliniona. Hakuharakisha hata chembe. Alimaliza habari za maji ndipo akasema maneno mengine machache kwa sauti ileile, na Naserian hakutafsiri. Akaangalia sakafu. Mama akarudia.

"Anasema," Naserian akaanza, "anasema mtoto wake amemwambia alikuletea habari, ukamkatisha akiwa bado yuko kwenye kusalimu. Anasema mtu aliyekatishwa hivyo haanzi tena. Na kama hataandika, hapa shuleni anakaa kufanya nini? Amekuja na begi, Madam. La vitu vyangu."

Niliona aibu iliyoanzia shingoni ikapanda. Nimeishi na wafugaji hawa maisha yangu yote, nimenunua maziwa yao, nimefundisha watoto wao, na nilikuwa najua kabisa kwamba kwao habari "huliwa", ndivyo wasemavyo, na huliwa kwa mpangilio. Kwanza watu, kisha mifugo, kisha nyasi, kisha maji. Neno zito halirushwi mlangoni, linakuja mwisho, msikilizaji akiwa ameketi na ameitikia. Nilijua hilo sokoni. Kwenye daftari sikulitambua, kwa kuwa kwenye daftari nilikuwa natafuta maelekezo yangu.

"Mwambie mama anipe mpaka Jumamosi," nikasema. "Yule mgeni wa filamu anakuja Jumamosi. Kama hutakuwa umeandika, begi nitalifunga mwenyewe."

Mama akasema angelala kwa dada yake anayeuza shanga njia panda, na Jumamosi angekuja kusikia kwa masikio yake. Begi akaondoka nalo.

Foleni ilipoisha nilikwenda ofisini, nikafunga mlango, nikaikalia mikono yangu. Nilisoma ule uhakiki mpaka ukurasa wa nne, mahali ambapo mstari wangu mwekundu haukufika kwa sababu hata mimi sikufika. Uliishia hivi: "Sasa neno lenyewe. Sauti inasema ng'ombe hawa hawajaonja maji siku mbili. Mimi nimewatazama. Shimo la nyonga, pale panapobonyea ng'ombe akiwa na kiu, limejaa. Wanatembea wanatafuna. Ng'ombe mwenye kiu akinusa maji humshiki, na ndama hulia. Hapa hakuna anayelia ila muziki. Ng'ombe hawa wamekwisha kunywa. Filamu hii ni ya uongo."

Nilikuwa nimeiona filamu ile mara mbili. Mara zote mbili nilitokwa machozi kwa ajili ya ng'ombe wale.

Kesho yake nilimwita Naserian, nikamvutia kiti. Nilimwomba radhi. Alishtuka, hakujua aweke wapi macho. Kisha nikamwambia, "Nisomee habari yako. Safari hii nitaitikia."

Akasoma, kwanza kwa sauti ya chini. Mimi mikono chini ya mapaja, kila akiweka nukta nasema ee. Ukurasa wa pili sauti ikapanda. Ukurasa wa nne alikuwa anasoma kama mtu aliye kwao. Nikachukua penseli, nikaandika chini: Nimefika mwisho. Akaweka kidole juu ya ile sentensi.

"Sasa tufanye kazi," nikasema. Kwa sababu, walimu wenzangu, kuomba radhi si kusahihisha. Uhakiki ule ulikuwa na kasoro, na kuzificha kungekuwa njia nyingine ya kumkatisha. "Msomaji asiye wa kwenu ataanza hapa na hatajua anaelekea wapi. Atatoka kabla hujafika. Mimi nilitoka."

"Unataka neno zito nilitupe mlangoni, Madam?"

"Sitaki ulitupe. Nataka ajue lipo."

Akafikiri sana. Akachukua penseli yangu, bila kuomba, akaongeza baada ya aya ya kwanza: "Neno moja lipo kuhusu maji, nitalifikia." Nilitamani ningekuwa nimeiandika mimi.

Nikaenda mbele. "Unasema filamu ni ya uongo. Yote?"

"Yote."

"Kiu ni ya uongo? Kule kwenu hakuna kiu?"

Hapo alikasirika kidogo, na nilifurahi kuona amekasirika. "Kiu ipo, Madam. Sisi tulipoteza ndama. Njia ile ninaijua, ni ya kweli. Vumbi ni la kweli. Ni ng'ombe wa siku ile tu."

"Basi andika hivyo. Ukisema yote ni uongo, watakujibu kuhusu kiu na utashindwa. Ukisema ng'ombe wa siku ile, hawana jibu."

Akaandika. Nikamwambia aondoe mtoto wa kikohozi, akakubali, kikohozi ni baridi tu. Nikamwambia aondoe na ile nyumba iliyokandikwa upya mlangoni, maana haina kazi. Akakataa.

"Mama hakandiki nyumba wakati wa kiu, Madam. Anakwenda kutafuta maji, anarudi amechoka. Yule amekandika kwa sababu maji yalikuwa karibu."

Kumbe kila nilichokiita maneno mengi kilikuwa ushahidi.

"Mimi ng'ombe wangu wanaletewa maji kwa ndoo kama wagonjwa wa wodini," nikamwambia. "Shimo la nyonga silijui. Nithibitishie kwa kitu ambacho hata mimi nitakiona."

Tukaenda bwaloni, tukatundika blanketi, tukawasha projekta. Kwa rehema za Mungu haikuzimika. Alisogea karibu na shuka mpaka kivuli chake kikaangukia ng'ombe, akasema, "Simamisha hapo." Akaonyesha kwa kidole. Miguu ya ng'ombe, wote, ilikuwa na tope hadi chini kidogo ya goti, tope bichi, linang'aa juani. Wanakwenda majini, na tope la majini tayari wamelivaa. Nilibaki nimesimama kwenye harufu ya maharage nikijiuliza nilikuwa naangalia nini mara zile mbili.

Jumamosi Eliya alikuja na rafiki zake wawili. Mama yake Naserian alikaa benchi la nyuma, begi magotini. Tuliionyesha filamu tena kwa heshima ya mgeni. Ng'ombe walipotokea, mama alisema neno moja kwa Kimaasai, kwa sauti ya kawaida tu, na watoto wote waliotoka upande wa Olbalbal wakacheka. Eliya akageuka kuuliza amesema nini. Hakuna aliyemjibu. Nikamwita Naserian.

Alisoma amesimama wima. Alianza na watu ni wazima, na wageni wakatazamana. Alipofika kwenye "neno moja lipo kuhusu maji, nitalifikia," wakaacha kutazamana. Kutoka benchi la nyuma nikasikia mama akiitikia kila nukta, ee, ee, ingawa nusu ya maneno hakuyaelewa, na polepole watoto wa upande ule wakaanza kuitikia pamoja naye, kisha wale wa Karatu, ambao nao hawapendi kuachwa nyuma. Mwisho akasoma: "Kiu ni ya kweli. Njia ni ya kweli. Tazameni miguu yao. Hapa hakuna anayelia ila muziki. Ng'ombe hawa wamekwisha kunywa."

Eliya alishika kichwa. Nilidhani atajitetea, na nilikwishajiandaa.

"Tulichelewa," akasema. "Gari lilipasuka tairi. Tulipofika walikuwa wamekunywa, tukawaomba wachungaji wawarudishe nyuma ili tuwapige picha wakija. Nimeionyesha filamu hii sehemu nyingi. Hakuna aliyewahi kuona." Akamgeukia Naserian. "Dada, nisomee tena pale pa muziki."

Akamsomea. Mama akauliza kitu kutoka nyuma. Naserian akatafsiri, "Anauliza, mliwarudisha mbali?"

"Kama kilomita moja, mama."

Mama akatikisa kichwa. "Anasema ng'ombe aliyekunywa hatembezwi bure."

Hapo walicheka wote, Eliya mwenyewe akiwa wa kwanza. Aliomba nakala ya uhakiki ule na aliondoka nayo imekunjwa mfukoni mwa shati. Sijui aliifanyia nini filamu yake, na haikuwa kazi yangu kujua. Mimi nilikuwa namwangalia mama. Alisimama, akalikunja lile begi tupu mara mbili, akalibana kwapani, akamwekea Naserian mkono kichwani. Kwangu akaja, akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Mwalimu, mtoto abaki." Nilitoka nje nikajifanya naangalia mablanketi. Nimepewa vyeti katika kazi hii, viko kwenye bahasha mahali fulani. Sentensi ile ya maneno matatu sihitaji bahasha kuikumbuka.

Naserian alirudi kwenye kurasa zake nne, na wakati mwingine sita. Tulipigana sana kwa penseli. Aliendelea na masomo, akaenda chuo, na leo ni mwalimu wa Kiswahili huko huko Ngorongoro. Sitaficha, ninajivunia. Nikisikia mtu anasema watoto wa wafugaji hawapendi kuandika, namuuliza kwanza kama amewahi kuitikia.

Sasa nimelifikia neno lenyewe. Kabla ya Naserian nilikuwa nimekaa na kalamu nyekundu miaka kadhaa. Sijui ni watoto wangapi waliniletea habari yao nikawakatisha kwenye kusalimu. Wapo walioacha kuandika nikadhani ni wavivu, na wapo walioacha shule. Hao hawakuwa na mama wa kuja na begi kuniambia. Mmoja namkumbuka kwa jina, na uso, na dawati alilokaa, na daftari lake sikuwahi kufika mwisho wake. Penseli haifuti hilo.

Kurasa hizi, kabla ya kuwaletea ninyi, nilimpelekea Naserian azihakiki, maana zamu ni yake. Zimerudi jana. Ameandika kwa penseli pembeni kwamba sehemu ya projekta imekuwa ndefu, kwamba kwenye viatu vyeupe alicheka peke yake ofisini mpaka wenzake wakauliza, na kwamba mama anasema begi lilikuwa la kijani, si jeusi. Nimeliacha jeusi ili mjue kwamba mwalimu hukosea. Chini kabisa kwa herufi ndogo ameandika, Nimefika mwisho. Nikarudi juu kutafuta amesema nini pale kwenye neno langu zito. Nilitegemea atanifariji, maana ana moyo mzuri, na nilikuwa nimejiandaa kukataa kufarijiwa. Ameandika neno moja tu, pembeni, taratibu, kama anavyofanya mtu aliyeketi na kusikiliza.

"Ee."